Bunduki Bila Magazini Fiti Ni Rungu Tu: Somo Kutoka kwa Mzee .303

Ukicheki habari jioni na makarao wameanika vitu walivyonasa, meza huwa na mpangilio uleule. Bunduki katikati, simu tatu nne pembeni, panga moja, halafu risasi zimepangwa laini. Kando yake kuna kisanduku cha chuma kimejikunja kidogo. Sisi wote macho huenda kwa bunduki. Lakini fundi wa silaha, yule msee hukaa ghalani akizirekebisha, huangalia hicho kisanduku kwanza. Hiyo ndiyo magazini. Yenyewe ndiyo huamua kama bunduki itafanya kazi ama itabaki rungu ya bei ghali.

Na kama bunduki yenyewe inakula risasi ambayo si ya kawaida, hapo magazini inakuwa shida namba moja. Kenya tuko na mfano mzuri wa hiyo kitu, na historia yake imepitia hapa hapa Eastlands. Tulia nikupangie.

7.62 ya gemu na 7.62 ya ukweli

Tuanze na PUBG, juu wengi wetu hapo ndipo tulisomea hizi mambo. Kwa gemu unaokota risasi zimeandikwa 7.62, unaweka kwa AKM. Ukichoka, zile zile unaweka kwa Kar98k. Zinaingia, maisha inasonga.

Kwa ukweli hiyo ni stori za jaba. AKM hula risasi ya 7.62x39. Kar98k, bunduki ya Wajerumani wa vita vya pili vya dunia, hula 7.92x57. Haziwezi kubadilishana hata ukipiga nyundo.

Hizo namba zinamaanisha nini? Ya kwanza ni kipenyo kwa milimita, na hiyo ndiyo watu huita kaliba. Ya pili ni urefu wa ganda, ile shaba hubeba baruti. Sasa cheki hizi tatu ambazo Kenya inazijua sana:

AK hula 7.62x39. Ganda ni fupi, na linapungua unene kuelekea mbele. Ndiyo maana magazini ya AK imejikunja kama ndizi: ukipanga risasi thelathini za umbo hilo moja juu ya nyingine, zenyewe zinajikunja.

G3, ile bunduki ndefu umeona karao amebeba nje ya benki, hula 7.62x51. Ilitoka Ujerumani, jeshi lao likaichukua 1959. Magazini yake ya kawaida ina risasi 20 na karibu imenyooka.

Halafu kuna mzee mwenyewe, .303 ya Waingereza. Ganda lake ni milimita 56, na risasi yenyewe kwa upana inakaribiana sana na hizo mbili. Ukiweka zote tatu kwa kiganja, mtu asiyejua atasema ni ndugu. Ni majirani tu. Kila moja iko na nyumba yake, na nyumba ndiyo magazini.

Hicho kisanduku hufanya nini hasa

Watu hudhani magazini ni kama mfuko, unajaza risasi na basi. Hapana. Ni mashine ndogo yenye vipande vinne: mwili, springi, kibao ambacho springi inasukuma, na midomo miwili hapo juu inayoshika risasi isiruke nje.

Kila ukifyatua, springi lazima isukume risasi inayofuata juu kwa wakati. Midomo lazima iishike kwa pembe sawa. Kisha boliti inakuja nyuma ya risasi, inaisukuma mbele, midomo inaiachilia, inaingia chemba. Mdomo mmoja ukipinda kidogo tu, pua ya risasi inagonga chuma badala ya kuingia shimoni. Springi ikichoka, boliti inapita kabla risasi haijafika. Unavuta, unasikia tu kaka! Hakuna kitu.

Ndiyo maana bunduki ikikwama mara kwa mara, mafundi huanza kushuku magazini kabla ya kushuku bunduki yenyewe. Mtutu ni chuma nene, unaweza kukaa miaka hamsini. Magazini ni bati jembamba lenye springi, na ndilo huangushwa, kukanyagwa, kuketiwa kwa lori na kuingia mchanga.

Majeshi makubwa yalijifunza hii kwa njia ngumu. Vita vya kwanza vya dunia Wafaransa walikuwa na Chauchat, bunduki ya rashasha nyepesi ya modeli ya 1915. Magazini yake ilikuwa wazi upande mmoja ndio uone risasi zimebaki ngapi. Wazo smati, mpaka ukumbuke vita ilikuwa ndani ya mahandaki yenye matope. Matope yakaingia, ikakwama. Wamarekani wakaagiza Chauchat zao wenyewe zinazokula risasi ya Marekani, .30-06, na hizo zikawa na sifa mbaya kushinda za kwanza. Kuhamisha silaha kwa kaliba nyingine si kubadilisha kava ya simu. Kila kitu lazima kipimwe upya.

.303 ilivyopita mtaani kwetu

Weka hii kwa ramani. Kariokor, hapo jirani na Majengo, jina limetokana na Carrier Corps, wale Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza vita vya kwanza. Burma, kule watu huenda kununua nyama karibu na City Stadium, imebeba jina la vita ya Burma, ambako askari wa King's African Rifles walipelekwa kupigana na Wajapani miaka ya arobaini. Wale askari wa KAR silaha yao ilikuwa Lee-Enfield, na Lee-Enfield ilikula .303.

Vita ikaisha, wasee wakarudi. Wengine walirudi wakijua bunduki vizuri kuliko wazungu walivyotaka. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, .303 ikawa risasi ya kutafutwa Kenya nzima. Serikali ilikuwa nayo, na Mau Mau waliitaka. Eastlands ikawa moja ya njia za kupitisha vitu kwenda msituni, na ndiyo moja ya sababu Operesheni Anvil ilishuka Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, askari wakazingira mitaa na kuchuja watu mmoja mmoja.

Sasa skiza hapa. Mafundi wa Mau Mau walitengeneza bunduki zao wenyewe. Mtutu ulikuwa paipu ya chuma. Komeo la mlango likawa boliti. Nguvu ya kupiga ilitoka kwa mpira uliovutwa. Mbao wakachonga. Zilitoboka, zililipuka mkononi, lakini nyingine zilifanya kazi. Kitu kimoja hazikuwa nacho ni magazini. Unaweka risasi moja, unafyatua, unachokora ganda litoke, unaweka nyingine, na adui wako ana kumi ndani.

Mtu wa mkono anaweza kupata paipu na komeo. Lakini kisanduku chenye springi ya nguvu sawa na midomo ya kipimo sawa ni kazi ya kiwanda. Hiyo tofauti ndiyo unaisoma kwa hizo bunduki ukiziona makumbusho.

Kwa nini .303 ni mgumu hivyo

Risasi ya .303 ilizaliwa enzi za 1880s. Ganda lake lina ukingo kitakoni, mduara umetoka nje kidogo kama sahani chini ya kikombe. Risasi za kisasa kama za AK na G3 hazina huo ukingo wa kutokeza.

Shida ya ukingo ni hii. Ukipanga risasi vibaya, ukingo wa risasi ya juu unakaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini. Boliti ikisukuma ya juu iende mbele, inanasa ile ya chini. Zinashikana kama watoto wanapigania mlango. Hapo hakuna kinachosonga. Ndiyo maana ukijaza magazini ya .303 kwa mkono, ukingo wa kila risasi ya juu lazima ukae mbele ya ule wa chini. Askari wa zamani walifundishwa hii mpaka wakaota.

Bren, rashasha ya Waingereza iliyokula .303 hiyo hiyo, ilikuwa na magazini ya risasi 30 iliyojikunja kwa sababu ya ukingo huo. Wanajeshi wengi walijaza 28 tu, wakaacha springi ipumue. Bora risasi mbili pungufu kuliko thelathini zilizokwama.

Kuna lingine ambalo muvi zimetudanganya. Magazini ya Lee-Enfield ina risasi 10 na inatoka, lakini haikuundwa utembee na magazini sita kwa mkanda ukibadilisha kama John Wick. Kila bunduki ilipewa yake. Kiwandani ilipimwa na kurekebishwa ikae kwa bunduki ile, na baadhi zilipigwa namba ya bunduki yake. Kujaza ulitumia klipu, ule mkanda mdogo wa chuma unaoshika risasi tano, unasukuma kutoka juu. Klipu na magazini si kitu kimoja, hata kama marapa wanachanganya.

Matokeo yake? Leo mtu akichukua magazini ya Lee-Enfield moja akaweka kwa nyingine, inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikakataa kulisha risasi.

Kaliba adimu ni ka spea za pikipiki adimu

Uliza mtu wa boda. Ukiwa na Boxer, spea ziko kila kona, na fundi anaijua akiwa amefumba macho. Nunua pikipiki ya kampuni haijulikani, uone vile utazunguka Kirinyaga Road mpaka viatu viishe. Injini iko sawa, lakini umekwama kwa sababu ya kipande cha shilingi mia tatu.

Silaha ni hivyo hivyo. Kiwanda cha risasi cha Eldoret hutengeneza 7.62x51, 5.56x45 na 9x19. Aprili 2021 rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akafungua kiwanda cha kuunganisha bunduki Ruiru, kilichogharimu takriban shilingi bilioni 4, kikilenga hadi bunduki 12,000 kwa mwaka. Serikali ikichagua kaliba, inachagua pia risasi, magazini, springi na mafundi. .303 haiko kwa hiyo orodha.

Na hii si historia tu ya kusoma ukilala. Kwa miaka mingi askari wa akiba kule Turkana, Samburu na Baringo walipewa .303, ile watu huita Mark 4. Hawa ni raia, wachungaji, wanaolinda kijiji ambako gari la polisi linaweza kuchukua masaa kufika. Wanaokuja kuiba ng'ombe mara nyingi wana AK yenye risasi 30 ndani. Huyu mzee ana kumi, na kila risasi anavuta boliti kwa mkono. Magazini yake ikiwa na mdomo uliopinda tangu kabla hajazaliwa, hana kumi tena. Ana moja moja, kama wale mafundi wa paipu wa 1953. Hapo ndipo kipande cha bati kinakuwa suala la nani atarudi nyumbani.

Vile magazini ya kuaminika inachaguliwa

Hii ni ya msee mwenye leseni, ama wewe unayepanga kuingia polisi, KWS ama jeshi. Ukaguzi wote ni bunduki ikiwa tupu, mtutu umeelekea mahali salama, na majaribio ni kwa uwanja halali wa shabaha.

*Jina kamili, si kaliba pekee.* Hapa ndipo watu hupoteza doo. Lee-Enfield ya zamani, ile namba 1, na ile namba 4 zote ni .303, lakini magazini zao ni tofauti. India nayo, baada ya vita yake na China ya 1962, ilitengeneza Ishapore 2A1. Ukiiona utasema ni Lee-Enfield ya kawaida, kumbe inakula 7.62x51 na ina magazini yake ya risasi 12. Pia G3 na FAL zote hula 7.62x51, na magazini ya moja haiingii kwa nyingine. Risasi kufanana haimaanishi magazini kufanana. Soma alama zilizopigwa kwa chuma, usiamini maneno ya muuzaji.

*Midomo.* Ishike kwa mwanga. Pande zote mbili zilingane, hakuna ufa, hakuna alama ya koleo. Mdomo uliowahi kunyooshwa na koleo utapinda tena.

*Springi na kibao.* Bonyeza kibao kwa kidole mpaka chini, achilia. Kirudi juu haraka bila kukwaruza wala kulala upande mmoja. Na ile imani kwamba magazini ikikaa imejazwa springi inakufa imezidishwa. Kinachochosha springi nzuri zaidi ni kubonyezwa na kuachiliwa maelfu ya mara, na kutu.

*Mwili.* Tafuta mabonyeo. Bonyeo dogo la nje ni ukuta kwa ndani, risasi itagonga hapo. Cheki mahali bati limeunganishwa. Kutu ya juu inafutika, lakini kutu iliyokula mashimo ni kwaheri.

*Ikae imara.* Iweke kwa bunduki tupu. Isikike ikishika, kisha ivute chini kwa mkono. Kucheza kidogo ni sawa. Ikining'inia, boliti itapita juu ya risasi.

*Lisha kwa risasi bandia kwanza.* Kuna zile za mazoezi zisizo na baruti. Zikipita zote polepole, kisha haraka, ndiyo uende za ukweli.

*Ipe namba.* Hii ni mbinu rahisi na wengi hawaifanyi. Andika 1, 2, 3 kwa rangi chini ya kila magazini. Bunduki ikikwama, andika ni namba gani. Namba 2 ikikwama mara tatu na zingine hazijakwama hata mara moja, ngori ishajulikana. Itoe kazini siku hiyo. Usiirudishe kwa begi ati itajirekebisha.

*Chache zilizojaribiwa zinashinda nyingi za bei rahisi.* Kwa kaliba adimu, kopi ni nyingi kwa sababu za kiwanda cha kwanza hazitoki tena. Kuna kopi nzuri, lakini uzuri wake unaujua ukishaijaribu, hauuoni kwa picha.

Wawindaji wa leseni Tanzania wana jibu lingine. Wengi hutumia bunduki za kaliba kubwa kama .375 H&H, iliyotoka 1912, na nyingi za hizo magazini yake imejengwa ndani ya bunduki, haitoki. Risasi ni chache, lakini hakuna kisanduku cha kudondosha porini wala cha kununua kopi yake. Nyati akikujia, hiyo inatosha kuwa hoja.

Na wewe hapa Majengo?

Kenya bunduki ya raia iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya leseni za silaha. Cheti hakisemi tu una ruhusa. Kinaandika bunduki gani, na risasi kiasi gani. Desemba 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya, hata mabwenyenye waliozoea kuonyesha bastola klabu.

Kwa hivyo usijidanganye ati magazini ama risasi moja si bunduki. Kupatikana na risasi bila cheti ni kesi tosha, hata kama hujawahi gusa bunduki maishani. Hilo si jipya. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kesi iliyompeleka huko ilikuwa ya kupatikana na bastola ya .38 na risasi sita. Mkoloni alihesabu kila moja.

Bonoko nayo, ile ya kutengeneza ama ya kuchezea, usione ni mchezo. Ukiitumia kwa uhalifu, sheria inaihesabu. Na usiku kwenye kona isiyo na taa, hakuna karao atasimama kuuliza kama ni plastiki. Tumezika vijana juu ya kitu ambacho hakingeweza kufyatua hata karanga.

Ukipata magazini ama risasi imetupwa, iwe kando ya mto ama kwa takataka, usiiokote, usiipige picha ukiwa umeishika, usiipeleke kwa keja. Alama za vidole zako zikikaa hapo, kueleza itakuwa safari ndefu. Weka watoto mbali, simama na mtu mzima mwingine awe shahidi, piga 999 ama 112. Ukiogopa kwenda kituoni peke yako, pitia kwa chifu ama mzee wa nyumba kumi mwende pamoja.

Na kama ndoto yako ni kuvaa uniform, anza kujua vipande kabla ya kujua kupiga. Siku utapewa silaha pale depot, kabla ya kuikaza bega kwa selfie, toa magazini, angalia midomo, bonyeza kibao. Dosari ukiiona hapo ni ripoti tu kwa msimamizi wa ghala. Ukiigundua Suguta ama Baragoi saa tisa usiku, hakuna ghala karibu.